Gari la Zamani kwa Safari za Kila Siku: Yanayopaswa Kufahamika kwa Wamiliki wa Karagwe na Kyerwa

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

Kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Karagwe, magari madogo huwa yamekwisha kuanza safari. Toyota Carina iliyopauka rangi inashuka kutoka Kayanga kuelekea Omurushaka ikiwa na mwalimu na watoto wake wawili. Probox nyeupe inapakia mikungu ya ndizi Nkwenda. Corolla ya muuguzi inawahi zamu ya asubuhi katika Hospitali ya Nyakahanga. Mengi ya magari hayo yalitengenezwa Japani zaidi ya miaka 15 iliyopita, na baadhi yana umri mkubwa kuliko vijana wanaoyaendesha.

Kwa familia nyingi za wilaya hizi mbili, gari la aina hiyo si anasa. Ndilo linalompeleka mtoto shuleni wakati wa mvua, linalofikisha maharage gulioni, na linaloamshwa saa nane za usiku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu. Kwa sababu hiyo, swali la kwamba gari la zamani linafaa au halifai kutumika kila siku halina budi kujibiwa kwa makini. Jibu fupi ni kwamba linafaa, ilimradi hali yake inajulikana, nyaraka zake ni halali na matumizi yake yanalingana na kile kilichosajiliwa. Makala haya yanaeleza mambo hayo matatu, moja baada ya jingine.

Kwa nini magari ya zamani ni mengi

Sababu ya kwanza ni bei. Gari jipya kutoka kiwandani liko mbali na uwezo wa mtumishi wa kawaida au mkulima wa kahawa. Sababu ya pili ni historia ya Japani yenyewe. Huko, kama hapa, magari hupita upande wa kushoto na usukani huwa kulia, hivyo gari halihitaji kubadilishwa chochote linapofika nchini. Aidha, sheria ya Japani humtaka mmiliki kupeleka gari kwenye ukaguzi wa lazima miaka 3 baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama kubwa, na wamiliki wengi huona ni nafuu kuuza gari ambalo bado lina nguvu. Gari hilo ndilo linalopanda meli kuja Dar es Salaam.

Sababu ya tatu ni spea na ujuzi. Injini ya 5A-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,498, iliyofungwa katika Carina na Corolla nyingi za miaka ya 1990, na injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,496 inayopatikana katika Probox na baadhi ya IST, zinajulikana kwa karibu kila fundi. Gari lisilo la kawaida linaweza kulala wiki nzima likisubiri kifaa kutoka Mwanza au Dar es Salaam, ilhali Carina hurudi barabarani siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, sera za nchi za ukanda huu kuhusu umri wa magari hazifanani. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye umri unaozidi miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuweka katazo la namna hiyo, bali hutumia kodi. Kwa viwango ambavyo vimekuwa vikitumika, gari dogo la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 8 lakini lisilozidi 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa nyongeza wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Nyongeza hiyo iko juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kwa kuwa viwango hupitiwa kila mwaka kupitia Sheria ya Fedha, mwananchi anayekusudia kuagiza gari anashauriwa kutumia kikokotoo kilichopo katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kutuma fedha zozote nje.

Namba ya gari haielezi umri wake

Wanunuzi wengi hukadiria upya wa gari kwa herufi ya kwanza ya sehemu ya mwisho ya namba ya usajili. Husikika wakisema hili ni "namba C", lile ni "namba D", na sasa zipo "namba E". Kipimo hiki kinapotosha. Herufi hiyo huonesha kipindi ambacho gari lilisajiliwa Tanzania, si mwaka lilipotengenezwa. Gari lililotengenezwa mwaka 1998 na kuingizwa nchini mwaka 2014 linaweza kuwa na herufi ya mbele zaidi kuliko gari la mwaka 2004 lililoingizwa mwaka 2010. Mwaka wa kutengenezwa husomwa kwenye kadi ya gari, na namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye kadi lazima ilingane, herufi kwa herufi, na ile iliyogongwa kwenye mwili wa gari.

Vivyo hivyo, idadi ya kilomita inayoonekana kwenye dashibodi si ushahidi wa kutosha. Kilomita zinaweza kurudishwa nyuma. Ushahidi bora ni ule usiofutika kirahisi: pedeli ya breki iliyolika mpaka chuma kuonekana, usukani uliong'aa, kiti cha dereva kilichobonyea na mkanda wa usalama uliochakaa kingo. Gari lenye dalili hizo zote haliwezi kuwa limetembea kilomita 80,000 tu.

Nyaraka kabla ya fedha

Ununuzi mwingi wa magari ya zamani wilayani hufanyika kati ya watu wanaofahamiana: jirani, mfanyakazi mwenzako, ndugu wa ukoo. Kufahamiana huko ni jambo jema, lakini hakuondoi wajibu wa kisheria. Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kufanya mambo yafuatayo.

Kwanza, aone kadi halisi ya gari, si nakala, na ahakikishe kuwa jina lililomo ni la muuzaji. Endapo jina ni la mtu wa tatu, uuzaji wa awali haukukamilishwa, na mnunuzi mpya anajitwisha mzigo wa kumtafuta mmiliki huyo.

Pili, aangalie endapo gari linadaiwa faini za makosa ya barabarani. Mfumo wa kielektroniki wa Jeshi la Polisi huonesha madeni ya gari kwa kuingiza namba ya usajili. Faini hufuata namba ya gari, na anayekutwa nalo ndiye atakayesumbuliwa.

Tatu, mkataba wa mauziano uandikwe na kushuhudiwa, kisha uhamisho wa umiliki ufanyike TRA, pande zote mbili zikiwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Malipo yote ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, maarufu kama kontroli namba. Yeyote anayemtaka mwananchi ampe fedha taslimu mkononi kwa ajili ya "kuharakisha kadi" anakwenda kinyume cha utaratibu.

Muuzaji naye asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Maadamu kadi ina jina lake, ndiye atakayetafutwa kwanza gari hilo likisababisha ajali au likikamatwa katika uhalifu.

Magari kutoka ng'ambo ya mpaka

Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda upande wa kaskazini na Rwanda upande wa magharibi. Katika kituo cha Murongo, watu wa pande mbili za Mto Kagera hufanya biashara kila siku. Ukaribu huo huleta kishawishi cha kununua gari lenye namba za kigeni kwa bei inayoonekana kuwa rahisi.

Mwananchi anapaswa kufahamu kuwa gari lililosajiliwa nchi nyingine huingia Tanzania kwa kibali cha muda kinachotolewa na Forodha. Kibali hicho hakimpi mtu haki ya kuliuza hapa. Gari litakalouzwa au kuendelea kutumika baada ya muda wa kibali bila kulipiwa kodi linaweza kukamatwa na kutaifishwa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo hiyo hugusa chombo kinachotumika kusafirisha bidhaa za magendo. Katika msimu wa kahawa, mmiliki anayelikodisha gari lake usiku bila kuuliza mzigo gani unabebwa anaweza kulipoteza kabisa.

Kwa upande mwingine, Mtanzania anayevuka na gari lake kwenda Uganda au Rwanda anahitaji bima inayotambulika huko. Bima ya kawaida ya ndani huishia mpakani. Inayotumika ni ile inayojulikana kama kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania hushiriki ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Anayeingia Rwanda akumbuke pia kwamba huko magari hupita upande wa kulia wa barabara.

Vilima, vumbi na mvua

Ujenzi wa barabara ya lami ya Kyaka–Bugene, yenye urefu wa takriban kilomita 59, uliipunguzia Karagwe adha kubwa ya safari ya kwenda Bukoba. Hata hivyo, safari nyingi za kila siku haziishii kwenye lami. Sehemu kubwa ya barabara zinazounganisha vijiji na makao ya kata, ambazo husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ni za changarawe au udongo. Mazingira haya hulichakaza gari kwa namna zake, na mmiliki anayezielewa huweza kuzikabili mapema.

Jambo la kwanza ni miteremko. Gari linaposhuka mlima mrefu, nguvu ya mwendo wake lazima igeuke kuwa joto, na joto hilo huishia kwenye breki. Dereva anayekanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini huzipasha moto pedi hadi zinapoteza uwezo wa kushika. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Yakiwa ya zamani huchemka mapema, pedeli huzama, na gari halisimami. Ndiyo maana mafuta hayo yanapaswa kubadilishwa takriban kila baada ya miaka 2, hata kama hayajapungua. Dereva naye ashuke kwa gia ndogo, akiiachia injini izuie mwendo. Kwenye gari la giaboksi ya kujiendesha, hiyo ndiyo kazi ya alama za "2" na "L", ambazo madereva wengi hawajawahi kuzigusa. Kuteremka ukiwa umeweka gia huru kwa nia ya kuokoa mafuta ni kujiondolea msaada huo wa injini.

Jambo la pili ni vumbi. Wakati wa kiangazi, filta ya hewa huziba upesi kuliko muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kuwa kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya barabara za Japani. Filta iliyoziba huongeza ulaji wa mafuta. Iliyotoboka huingiza mchanga ndani ya injini. Ikaguliwe kila mwezi. Kwa sababu ya vumbi na safari fupi, oili ya injini ya kawaida inafaa kubadilishwa kila kilomita 5,000, pamoja na filta yake.

Jambo la tatu ni mawimbi na mashimo ya barabara. Hayo hula bushi, shokapu na maungio ya usukani. Gari linalovuta upande mmoja, linalogonga chini kila likipita shimo au linalolika tairi upande wa ndani linatoa taarifa. Ungio la usukani likichomoka gari likiwa katika mwendo, gurudumu hulala na dereva hana la kufanya. Kifaa hicho ni cha bei ndogo kikilinganishwa na vifaa vingine vya gari, na fundi hukitambua kwa dakika chache gari likiwa limenyanyuliwa kwa jeki.

Jambo la nne ni mvua za vuli na za masika. Barabara ya udongo mwekundu iliyolowa huteleza kama sabuni, na tairi lililolika haliwezi kuishika. Katika nchi nyingi, kina cha chini cha kashata za tairi kinachoruhusiwa ni milimita 1.6. Umri wa tairi nao una uzito wake, hususan kwa matairi ya mtumba. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne za mwisho zinazoonesha lilipotengenezwa: 2316 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la miaka 10 linaweza kuonekana zima kabisa kwa macho huku mpira wake umekwisha kukakamaa na kupasuka ndani.

Injini: mkanda, maji na joto

Mmiliki wa gari la zamani anapaswa kujua endapo injini yake inatumia mkanda au cheni ya taimingi. Injini ya 5A-FE ya Carina hutumia mkanda wa mpira, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa gari ambalo historia yake haijulikani, ni busara kuubadilisha mara tu baada ya kununua, na tarehe ikaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya boneti. Mkanda ukikatika, injini huzimika papo hapo, popote gari lilipo. Injini ya 1NZ-FE hutumia cheni, ambayo haina muda maalumu wa kubadilishwa, lakini huharibika haraka iwapo oili haibadilishwi.

Kuhusu upoozaji, zipo desturi mbili zinazohitaji kuachwa. Ya kwanza ni kujaza maji matupu kwenye rejeta. Maji hayo huleta kutu na uchafu unaoziba njia. Kulanti huzuia kutu na huchemka kwa joto la juu zaidi. Ya pili ni kung'oa themostati kwa madai kuwa gari halitachemsha. Kifaa hicho kiliwekwa ili injini ifikie joto lake la kazi haraka. Bila hicho, katika asubuhi za baridi za nyanda hizi za juu, injini hukimbia kwa muda mrefu ikiwa baridi, hutumia mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Gari linalochemsha lina tatizo lake, iwe ni feni, rejeta iliyoziba au gasketi iliyoungua, na tatizo hilo ndilo litibiwe.

Usalama wa waliomo ndani

Katika magari mengi ya zamani, mikanda ya viti vya nyuma ipo, lakini imefukiwa chini ya vitambaa vya viti na haijaonekana kwa miaka. Ifukuliwe, isafishwe na itumike. Mtoto aliyepakatwa mapajani hawezi kushikwa na mikono ya mzazi gari linapogonga kitu. Uzito wake wakati huo huongezeka mara nyingi kuliko nguvu za binadamu.

Suala jingine halifahamiki sana. Baadhi ya magari ya Kijapani yaliyotengenezwa takriban kati ya mwaka 2000 na 2015 yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali iliyotumika kuijaza mifuko hiyo ilibainika kuharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na katika ajali kasha lake linaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Kampuni nyingi, Toyota ikiwemo, ziliita mamilioni ya magari ili kubadilisha kifaa hicho bila malipo, na Takata yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2017. Gari lililoondoka Japani kabla ya kurekebishwa linaweza kuwa barabarani hapa nchini likiwa na kifaa kile kile. Mmiliki wa gari la miaka hiyo anaweza kumpatia wakala rasmi wa kampuni husika namba ya chesisi ili aangaliziwe.

Hesabu ya mwezi

Wengi hukosea kwa kuhesabu bei ya kununua peke yake. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hutofautiana kwa kila wilaya kutokana na umbali kutoka bandarini. Karagwe na Kyerwa ziko mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kwa hiyo mwananchi wa huku hulipa zaidi kwa kila lita. Bei halali ya kituo chochote huweza kuhakikiwa kwa simu kwa kupiga *152*00#.

Tuchukue mfano wa mtumishi anayeendesha kilomita 40 kwa siku, siku 22 za kazi. Hizo ni kilomita 880 kwa mwezi. Gari la injini ya sentimita za ujazo 1,500 lililotunzwa vizuri, kwenye barabara mchanganyiko, likienda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 73 hivi. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya hesabu tu, mafuta pekee ni takriban shilingi 220,000. Akitenga shilingi 100 kwa kila kilomita kama akiba ya oili, matairi na spea, anaongeza shilingi 88,000. Jumla inafikia shilingi 308,000 kabla ya bima. Anayeona kiasi hicho hakimudu ni heri alitumie gari kwa safari chache kuliko kuliendesha kila siku bila matengenezo.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na fidia yake ikawekwa kwenye mafuta. Hivyo kila lita inayonunuliwa kituoni huchangia mapato ya umma. Mafuta yanayouzwa kwenye chupa na madumu kando ya barabara hayana uhakika wa ubora wala wa usalama, na yakiwa yamechanganywa na mafuta ya taa huharibu injini ya petroli polepole.

Gari la familia linapogeuzwa la abiria

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Mmiliki aliyeelemewa na gharama hushawishika kupakia abiria wa kulipa njiani. Siku ya kwanza ni wawili; baada ya mwezi, gari la watu watano linabeba wanane, wawili wakiwa kiti kimoja cha mbele na mizigo ikiwa kwenye buti. Katika baadhi ya mikoa magari ya namna hiyo huitwa michomoko.

Sheria inatofautisha wazi matumizi hayo. Leseni ya udereva ya daraja D ni ya gari binafsi. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji daraja C, na gari lenyewe lazima liwe na leseni ya usafirishaji kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Bima ya gari binafsi nayo hukatwa kwa matumizi binafsi. Ajali ikitokea, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na aliyevunjika mguu, pamoja na familia ya aliyefariki, hubaki kumdai mmiliki ambaye hana alichobakiza isipokuwa shamba. Mkulima aliyetaka nauli ya kununulia mafuta anaweza hivyo kupoteza kibanja alichoachiwa na baba yake.

Abiria naye anayo haki na wajibu. Anaweza kuhakiki bima ya gari kwa namba ya usajili kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Anaweza pia kukataa kuwa mtu wa saba katika gari la watu watano. Kwa wanaotaka kufanya biashara hiyo kihalali, ofisi za LATRA hutoa maelekezo ya aina ya magari na masharti yanayokubalika.

Kujua wakati wa kuliacha

Hakuna umri mmoja ambao gari hufa. Zipo Corolla za mwaka 1996 zilizo salama kuliko gari la mwaka 2010 lililotelekezwa. Zipo, hata hivyo, ishara ambazo hazipaswi kupuuzwa: kutu iliyokula mahali shokapu au mikono ya magurudumu inaposhikiliwa, mwili uliopinda baada ya ajali kubwa, na gharama za matengenezo za mwaka mmoja zinazokaribia thamani ya gari lenyewe. Gari la namna hiyo lisiuzwe kwa jirani kama gari zima. Liuzwe kama spea, na usajili wake ufutwe TRA.

Kabla ya hapo, ukaguzi unaofanywa na Kikosi cha Usalama Barabarani katika kipindi cha Wiki ya Nenda kwa Usalama ni fursa ya kupata macho ya mtu mwingine. Stika inayobandikwa kiooni ina maana tu endapo ukaguzi ulifanyika kweli; mwenye gari anayeinunua bila kukaguliwa anajidanganya mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, dakika tano zinatosha: kuangalia oili kwa kijiti, kiwango cha kulanti na cha mafuta ya breki, upepo wa matairi, taa zote na wipa, kisha kuinama na kutazama endapo kuna tone jipya chini ya gari. Asubuhi za ukungu za Karagwe, gari lisilo na taa za nyuma halionekani hadi mtu awe amelifikia. Dharura ikitokea barabarani, Polisi hupatikana kwa namba 112 na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, bila malipo.

Usiku ule ambao gari litahitajika kumfikisha mgonjwa Nyakahanga hautangulizi taarifa. Gari lililokaguliwa asubuhi ya siku hiyo ndilo litakalowaka, litakalopanda mlima na, lililo muhimu zaidi, litakalosimama linapotakiwa kusimama.